Simenti Juu, Makaa Chini

Boti iliyopinduka ilivutwa hadi ufukweni siku ya tatu, tumbo likiwa juu, na kitu cha kwanza ambacho Lucien Murhula alikiona kilikuwa mstari wake. Alikuwa ameuchora mwenyewe kwa rangi nyeupe ya mafuta, upana wa vidole viwili, kuzunguka ubavu wote wa boti. Chini ya mstari mbao zilikuwa nyeusi kwa lami na mwani. Juu yake zilikuwa bado na rangi ya buluu, safi, kama zilizopakwa juma lililopita.

Watu thelathini na saba walikuwa wamekufa. Maiti ishirini na tisa zilikuwa zimepatikana. Atumani, nahodha, alikuwa hai, na alikuwa gerezani.

Lucien alikuwa mkaguzi wa vyombo vya majini, na ripoti yake ilingojewa Ijumaa. Kama ingesema boti ilipakiwa kupita kiasi, Atumani angehukumiwa miaka mingi, naye alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitano mwenye kifua kibovu. Mjini hakuna aliyengoja Ijumaa. Katika Bukavu, mji wa kando ya ziwa, boti ikizama neno ni moja, la Kifaransa, na hata muuza ndizi analijua: surcharge, mzigo kupita kiasi. Neno hilo likishatamkwa, nahodha anafungwa, faili inafungwa, na watu wanakwenda kuzika.

"Surcharge tu, si vile, Papa ingénieur?" aliuliza polisi aliyekuwa akilinda mabaki, akimwita mhandisi kama walivyomwita wote.

Lucien alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya mstari.

Alizaliwa Lwiro, ambako baba yake alikuwa msaidizi katika kituo cha utafiti, akiosha chupa na kuteremka ziwani na wataalamu kuchota maji ya kina. Nyumbani kwao ziwa lilizungumzwa kama wengine wanavyozungumza juu ya ng'ombe wao: lilivyoamka, lilivyolala, lilikuwa na hasira gani jana. Lucien alisoma fizikia Bukavu, kisha akapata nafasi ya kwenda Aleksandria, Misri, kusomea uhandisi wa meli. Alikaa huko miaka sita. Alijifunza hesabu za mawimbi, jinsi chuma kinavyochoka, kwa nini chombo kimoja kikiinama kinajirudi na kingine kikiinama kinaendelea kuinama mpaka mwisho. Alifanya kazi mwaka mmoja katika karakana ya meli kubwa, na wakamwomba abaki. Alirudi mwaka 2008, kwa sababu ziwa la kwao lilikuwa likiua watu kila mwaka na hakuna aliyekuwa akichunguza kwa nini.

Ofisini walimpa meza, kiti na muhuri. Hawakuwa hata na futi ya kupimia. Wenzake walimcheka kwa mwaka mzima.

"Ingénieur wa bahari mu Bukavu!" alisema Didier, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wake. "Sasa bahari iko wapi? Utatutengenezea bahari kwanza, ao?"

"Boti ikizama hapa, batu banakufa kidogo kuliko mu bahari?" Lucien alimjibu.

"Eh, bwana, mi nacheka tu. Usikasirike kabla ya mushahara."

Alichimba birika refu uani kwake, mtaa wa Muhumba, la mita kumi na mbili, akalitandika turubai. Alichonga boti ndogo kwa mti wa mkaratusi, kila moja mfano wa boti halisi ya ziwani, akazivuta ndani ya birika kwa kamba na mawe. Majirani walisimama kwenye ukuta kutazama mtu mzima mwenye diploma akichezea boti. Colombe, mke wake, mwalimu wa Kifaransa, alianika nguo akizunguka birika.

Lakini kazi ilizaa. Lucien alianza kupima boti moja baada ya nyingine. Alining'iniza timazi katikati ya boti, uzi mrefu wenye kipande cha chuma kilichotumbukizwa ndani ya ndoo ya maji ili kisicheze. Kisha alihamisha magunia ya mchanga kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ndani ya tumbo la boti, akisoma uzi umesogea kiasi gani. Kutokana na kusogea huko alijua boti inaweza kubeba nini na bado ikasimama. Alipomaliza hesabu alichukua brashi, akachora mstari mweupe. Maji yakifika hapo, basi.

Mwanzoni wenye boti waliufuta, au waliupandisha kwa brashi zao wenyewe. Aliuchora tena. Alizuia boti zisiondoke. Alitukanwa, akatishiwa, na mara moja akasukumwa majini akiwa na suti yake. Hakurudi nyuma. Baada ya miaka saba, nane hivi, jambo likatokea ambalo hakuna aliyelitegemea: manahodha wakaanza kuujali mstari. Wakaanza kujivunia. "Mi siendeshe boti ya bila mustari," walisema, na abiria wakaanza kuutafuta kwa macho kabla ya kupanda. Lucien akapewa jina, Papa Mustari. Alijifanya halimpendezi.

Atumani alikuwa wa kwanza kuuheshimu. Alikuwa wa zile familia za Kiislamu za Uvira ambazo babu zao walikuja na biashara kutoka pwani, na alisema kwamba ziwa ni kama baraza la mtu mkubwa, huingii na viatu. Mara nyingi Lucien alimwona akiwashusha abiria ambao nauli yao ilikwisha kulipwa. "Mustari umenywa maji," aliwaambia. "Kesho. Kama una haraka, ogelea."

Hiyo ndiyo sehemu ya maisha ya Lucien ambayo angeweza kuisimulia mbele ya watoto wake. Ipo nyingine.

Boti za mbao za ziwa hili zinavuja. Zote. Ndani ya tumbo kuna maji daima, yanayofika kifundo cha mguu, na wakati wa mawimbi zaidi. Kwa hiyo wapakiaji wana desturi yao, ya zamani kuliko ofisi yoyote: kinachoogopa maji kinakwenda juu, kisichoogopa kinakwenda chini. Makaa hayaogopi maji, yakilowana yataanikwa. Ndizi haziogopi. Simenti inaogopa kuliko vyote, maana mfuko ukilowana unageuka jiwe. Basi makaa na ndizi hujaza tumbo, na mifuko ya simenti, kilo hamsini kila mmoja, hupangwa juu ya sitaha, na mingine juu ya paa la abiria, chini ya turubai, pakavu kabisa. Chini chepesi, juu kizito. Mtu aliyesoma miaka sita Aleksandria hahitaji timazi kujua maana yake.

Lucien aliliona hilo mwaka wake wa kwanza wa kazi. Alibeba mfano wake wa mkaratusi na beseni la maji hadi bandarini, akaweka kokoto juu ya kipaa chake cha mbao, akakigusa kwa kidole. Boti ikalala ubavu, ikapinduka. Akaweka kokoto zilezile chini. Boti ikainama, ikarudi.

Wapakiaji walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Ile ni ya batoto, Papa! Yetu iko muzito, haiwezi lala vile."

"Na simenti ikilowana?" aliuliza Hamadi, mwenye boti tatu, kwa adabu ya mtu anayejua kwamba ameshinda. "Ndugu yangu ingénieur, ikilowana inakuwa jiwe. Nitauzia nani majiwe? Bukavu nzima iko mulima, majiwe haikosekane."

Lucien alirudi nyumbani na beseni lake. Angeweza kurudi kesho yake. Angeweza kuwaambia waweke mbao za kuinulia mizigo juu ya maji ya tumboni, jambo la siku mbili kwa fundi yeyote. Angeweza kukataa kutia saini. Lakini mapigano ya mstari yalikuwa yamemchosha, na mstari ulionekana, kila mtu aliuona, hata aliyeutukana, wakati mpango wa mzigo ungemtaka asimame bandarini kila asubuhi akigombana na wapakiaji mfuko kwa mfuko. Katika karatasi ya ukaguzi kulikuwa na kisanduku kimoja, karibu na mwisho, cha kueleza mzigo uwekwe wapi. Lucien akaandika humo herufi tatu ambazo kila karani wa nchi hii anaziandika hata usingizini: RAS. Rien à signaler. Hakuna la kutaja.

Aliandika hivyo mara ya kwanza kwa aibu. Mara ya tatu hakuona aibu tena. Ndivyo mtu anavyoharibika, si kwa kishindo.

Jumatano, siku moja baada ya mabaki kuvutwa, Didier alimwita ofisini. Alikuwa amenenepa tangu awe mkuu, na alifunga mlango mwenyewe.

"Leki yangu, mudogo wangu, nionyeshe ripoti."

"Haiyaisha."

"Itaisha namna gani? Barabara ya Goma imekufa, batu bote bamehamia mu ziwa, boti zinajaa kama maharagi mu mufuko. Surcharge. Neno moja, signature, tunaenda kulala."

"Mustari haukuzama, Didier."

"Nani alikuambia?"

Lucien alitoa simu yake. Picha ilikuwa imeletwa asubuhi ile na Nafisa, mke wa Atumani, ambaye aliipata kwa mwanamke aitwaye Rosette. Rosette alikuwa amemsindikiza dada yake bandarini na kumpiga picha akipanda, abiria wa mwisho, akipunga mkono. Nyuma ya mkono wa yule dada ulionekana ubavu wa boti, na juu ya maji, vidole vinne kamili, mstari mweupe. Juu zaidi, chini ya turubai, mifuko ya simenti ilikuwa imepangwa mpaka kimo cha mtu.

Didier aliikuza picha kwa vidole viwili, akairudisha simu mezani.

"Unajua hii picha inasema nini?" alisema taratibu. "Haiseme juu ya Atumani. Inasema juu yako."

"Minajua."

"Uko na batoto ine. Colombe anafundisha bila kulipwa miezi nane. Atumani iko mutu wa kufa-kufa. Weye fikiri."

Alifikiri. Ingekuwa uongo kusema kwamba hakufikiri. Alikwenda nyumbani, akamweleza Colombe kila kitu, akitumaini, ingawa hakulisema, kwamba atamwambia anyamaze. Colombe alikuwa akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

"Unaniuliza ama unaniomba ruhusa?"

"Nakuuliza."

"Basi usiniulize. Miye nitakujibu kama mama ya batoto yako, na jibu yangu itakuwa mubaya."

Alhamisi alikwenda gerezani. Walimleta Atumani ukumbi wa wageni, akitembea kwa kushika ukuta, kanzu yake ikiwa na rangi ya udongo. Alipomwona Lucien alitabasamu, na tabasamu hilo lilikuwa gumu kulipokea kuliko kipigo.

"Papa Mustari! Walikutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

Atumani aliketi. Alikohoa, akajipangusa kwa kiganja. "Niambie weye. Bale banasema surcharge. Mi nilipita mustari?"

"Hapana."

"Wallahi?"

"Hukupita. Vidole vine vilibakia."

Nahodha alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi kichwani. Kisha akayafungua, na swali lililofuata lilikuwa dogo sana, la mtu anayetaka kujifunza kazi yake. "Sasa nilikosa nini? Upepo ulikuwa kidogo. Niligeuza tu, pole pole, mbele ya kisiwa. Ikainama. Nikangoja irudi. Inarudiaka siku zote. Ile siku haikurudi, Papa. Simenti ikaanza kuteleza, batu bakakimbilia ku ile upande..."

"Simenti ilikuwa juu," Lucien alisema.

"Simenti ikuwe wapi? Mu maji?"

"Juu ni mubaya. Boti inakuwa kama mutu amebeba mutu mwingine ku mabega. Mustari nilipima na muchanga ya chini, mu tumbo. Ukiweka uzito juu, mustari unadanganya."

Atumani alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa akitafuta katika kumbukumbu, kwa uaminifu, siku gani aliambiwa jambo hilo. "Hii hukutuambiaka," alisema.

"Kuna mwaka nilikuja na beseni..."

"Ile ya batoto? Tulicheka. Kisha ukaenda. Kisha ukaleta karatasi, mi nikaisoma yote, neno kwa neno, sababu mi nasomaka. Iliandikwa RAS. Nikajua ingénieur ameona, ameacha. Mutu wa masomo akisema hakuna kitu, mi niko nani nione kitu?"

Kutoka gerezani Lucien alikwenda moja kwa moja ofisini, akafungua kabati la mafaili. Boti kumi na moja alizokuwa amezipima zilikuwa bado zikifanya kazi ziwani. Akazitoa karatasi zote, akazipanga mezani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Baba yake alimfundisha kuandika kwa kutumia vibandiko vya chupa. RAS. RAS. RAS. Katika karatasi nne za mwisho hata kalamu haikuwa imeinuliwa, herufi tatu zimekimbia pamoja kama mkwaruzo.

Aliandika ripoti pale pale, kurasa tatu, bila kufuta. Kisha akaandika ukurasa mwingine, maelekezo ya boti kumi na moja: simenti chini, juu ya mbao za kuinulia, makaa juu yake, paa tupu. Ulikuwa ukurasa mmoja tu. Haukumchukua hata saa nzima.

Ijumaa tume ya kuchunguza ajali ilikaa katika ukumbi wa shule, maana ofisi isingewatosha wafiwa. Hakimu alikaa katikati, Didier kulia kwake akitazama mikono yake. Hamadi, mwenye boti iliyozama, alikuwa safu ya mbele na wakili. Lucien alisimama akasoma.

Aliposema chombo hakikupakiwa kupita kiasi, ukumbi ulinguruma. Mtu alipiga kelele kwamba amelishwa rushwa na Hamadi. Lucien alingoja, akaendelea. Alieleza simenti na makaa. Alieleza kwa maneno ya kawaida, na wapakiaji waliosimama madirishani wakanyamaza, kwa sababu safari hii hapakuwa na beseni la kuchekea. Kisha akasoma mstari wa mwisho: kwamba mkaguzi aliijua hatari hiyo tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwamba ilikuwa wajibu wake kuiandika, na kwamba hakuiandika.

Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa Rosette, aliyepiga picha.

"Uliijuaka?" aliuliza.

"Niliijua."

"Na ku karatasi uliandika nini?"

"RAS, maman."

Rosette alilirudia neno hilo bila sauti, midomo ikitembea. Alikuwa amefanya kazi dukani, alijua maana yake. "Hakuna la kutaja," alisema. "Basi dada yangu ndiye alikuwa hakuna la kutaja."

Lucien aliipeleka ripoti mezani kwa hakimu, na juu yake ule ukurasa wa maelekezo.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Akaamuru nahodha aachiliwe wakati uchunguzi ukiendelea, wapakiaji na mwenye boti waitwe, na mkaguzi azuiliwe. Ule ukurasa wa maelekezo aliuingiza ndani ya faili kama kielelezo, akaifunga faili kwa kamba. Lucien aliomba nakala moja ibandikwe bandarini. Aliambiwa kielelezo hakitolewi kabla kesi haijaisha. Aliomba tena. Didier alimshika kiwiko, akamwambia kwa upole anyamaze. Siku ile ile, kabla ya saa sita, boti mbili ziliondoka kwenda Kalehe, na simenti ilikuwa juu.

Lucien alifikishwa gerezani mchana, na polisi mmoja. Kwenye mlango wa ndani, ambao hauruhusu watu wawili kupita sambamba, Lucien na polisi wake walilazimika kusimama kando, kwa sababu kulikuwa na mtu anayetoka. Alikuwa Atumani, amebeba beseni la plastiki lenye kikombe, sabuni na blanketi lake. Nje, ng'ambo ya lango, Nafisa alikuwa akingoja, ameshika chuma kwa mikono miwili.

"Banasema ulisema kweli," alisema Atumani.

"Nilisema."

"Ni vizuri." Alipumua, kifua kikalia kama mlango. "Lakini Papa, mi nilikuwa na batu makumi tano na mbili mule. Bengine nilijua majina. Kuko mama moja alinipatia mutoto wake nimushike, ili apande vizuri. Nilimushika, nikamurudishia. Hii maneno yako ya leo ilikuwa ya kusemwa kabla ya ile siku."

Lucien alinyoosha mkono. Hakujua kama ulikuwa wa kuomba radhi au wa kuagana; uliinuka wenyewe.

Atumani aliutazama. Alikuwa na beseni mikononi. Angeweza kuliweka chini, sakafu ilikuwa hapo. Hakuliweka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyompisha mgeni, akapita.